Turudishieni Mpira: Barua ya Wazi kwa Watangazaji na Wachambuzi wa Michezo

Ndugu zangu watangazaji na wachambuzi wa michezo,

Ningeweza kuiandikia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, au Bunge, au kampuni zenyewe za kubeti. Nimewachagua nyinyi kwa sababu vijana wa nchi hii wanawasikiliza nyinyi kuliko mtu mwingine yeyote. Tangu asubuhi, kwenye daladala, saluni, gereji na vijiwe vya bodaboda, sauti inayosikika ni yenu. Mwalimu wa hesabu hapati saa mbili kila siku na kijana wa miaka 20. Shehe hapati, padri hapati, na wazazi wengi hatupati. Nyinyi mnapata, na kijana anawapa kwa hiari yake, kwa kuwa anaupenda mpira na anaamini kwamba mnaujua.

Imani hiyo mmeiuza kwa kampuni za kubeti. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Twendeni kwanza kwenye kibanda umiza kimoja huku Temeke. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki mechi za siku na kiingilio. Ndani ni mabenchi ya mbao, feni moja na televisheni mbili, moja ya ligi yetu na nyingine ya England. Siku Yanga inapocheza watu wanasimama mpaka mlangoni. Jioni moja nilikaa nyuma ya vijana watatu waliovaa jezi za kijani na njano. Yanga walikuwa mbele kwa mabao mawili na mechi ilikuwa inaelekea mwisho. Likaingia la tatu. Kibanda kikalipuka kwa kelele, lakini kijana aliyekuwa mbele yangu hakunyanyuka. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akatukana kwa sauti ya chini, kisha akainamia simu yake. Mwenzake akanigeukia na kunieleza bila kuulizwa: jamaa alikuwa na mkeka wa mechi tisa, yaani dau moja linalolipa tu zikitiki zote, nane zilishatiki, na hii ya Yanga aliiwekea chini ya mabao mawili na nusu. Mkeka umechanika.

Fikirini jambo hilo, nyinyi mnaoupenda mpira. Kijana amevaa jezi ya timu ya baba yake, timu imefunga bao safi mbele ya macho yake, naye ameumia kana kwamba amefungwa. Baada ya mechi nilisikiliza mazungumzo yao njiani. Hakuna aliyesema neno juu ya pasi iliyozaa bao lile. Walihesabu kona. Walibishana juu ya kadi za njano. Mmoja alikuwa anatafuta mechi ya usiku, ligi ya daraja la pili ya nchi ambayo sidhani kama anaweza kuionyesha kwenye ramani.

Lugha yote ile waliyoizungumza wameitoa kwenu.

Nawasikiliza kila siku, kwa hiyo najua inavyokwenda. Mchambuzi anaanza vizuri. Anaeleza kwamba beki wa kushoto anatumikia adhabu ya kadi, kwamba kocha amebadili mfumo na kuongeza kiungo mkabaji, kwamba wageni wamesafiri kwa basi usiku kucha. Ni maneno ya mtu aliyefanya kazi yake. Halafu, kwa sauti ile ile na kabla hata hajavuta pumzi, anasema odi ya wenyeji leo ni nzuri, na wewe msikilizaji bado hujachelewa kutandika mkeka wako. Hajabadilisha kiti wala sauti. Msikilizaji wa miaka 19 atajuaje kwamba sentensi ya kwanza imetoka kichwani mwa mchambuzi na ya pili imetoka kwenye mkataba wa matangazo? Kwake yeye zote mbili ni uchambuzi.

Halafu inakuja ile sehemu inayosomwa haraka haraka mpaka maneno yanagongana: cheza kistaarabu, walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, vigezo na masharti kuzingatiwa. Kama maneno hayo yana maana, kwa nini yasisomwe kwa mwendo ule ule wa kutaja zawadi?

Kuna wenzenu waliokwenda mbali zaidi. Baada ya kipindi wanafungua makundi ya Telegram na WhatsApp, kijana analipa kila wiki ili apewe mikeka ya uhakika. Mkeka ukitiki, picha yake inasambazwa kila mahali. Ukichanika, hakuna anayeutaja tena, na wiki inayofuata malipo ni yale yale.

Wapo watakaoniambia kwamba dunia imebadilika. Ni kweli, na mabadiliko haya nimeyaona kwa macho yangu. Nilipokuwa kijana, karata tatu na pata potea zilichezwa nyuma ya soko, mmoja akiwa amesimama kona kuangalia askari. Aliyekamatwa hakuitia aibu nafsi yake tu, bali na nyumba nzima. Mama alikuwa hasemi kwa jirani kwamba mwanawe anacheza kamari. Leo mtoto wa darasa la sita anapita mbele ya mashine ya dubwi karibu na duka analotumwa mafuta ya taa, na ndani ya sebule televisheni inamtajia odi wakati wa chakula cha usiku. Sidai turudi nyuma ya soko. Sheria ya mwaka 2003 iliufanya mchezo wa kubahatisha kuwa biashara halali yenye leseni, na kodi yake inaingia serikalini. Lakini jambo likiwa halali haina maana kwamba kila mtu apewe kazi ya kulipigia debe, na hasa mtu anayeaminiwa na watoto.

Mwaka 2025 Afrika Mashariki iliwapoteza wakubwa wenu wawili. Februari alifariki Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, na Mei akafariki Charles Hilary, ambaye tulimfahamu tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Wote wawili walitangaza mpira. Aliyewasikiliza aliuona uwanja akiwa amekaa gizani kijijini na redio ya betri: nani ana mpira, amegeukia wapi, nani anamkimbilia, jukwaa la upande gani limesimama. Mbotela alikuwa pia na kile kipindi chake cha miaka mingi, Je, Huu ni Uungwana?, alichokianza mwaka 1966. Alilichukua jambo dogo la maisha ya kila siku, namna watu wanavyokaa na kutendeana, akaliweka hewani na kuwauliza wasikilizaji wenyewe. Redio ilikuwa mahali ambapo jamii ilijiuliza juu ya tabia zake. Nyinyi mmekalia viti vya watu hao.

Sasa niseme juu ya hesabu, kwa sababu naamini wengi wenu hamjawahi kuifanya, na msingekuwa na ujasiri wa kusoma odi hewani kama mngekuwa mmeifanya.

Chukueni mechi moja ambayo odi zake ni 1.80 kwa wenyeji, 3.40 kwa sare na 4.20 kwa wageni. Gawanyeni 100 kwa kila odi. Mtapata 55.6, kisha 29.4, kisha 23.8. Jumlisheni: ni 108.8. Mechi ina matokeo matatu tu, na uwezekano wake wote ukijumlishwa hauwezi kuzidi 100. Hizo nane na ushei zilizozidi ni chakula cha kampuni, kilichokatwa kabla ya filimbi kupulizwa. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 100 zinazowekwa kwa odi za namna hiyo, wachezaji kwa jumla wanarudishiwa kama 92. Mtu anaweza kusema hiyo si mbaya. Lakini vijana wetu hawabeti mechi moja. Wanatandika mkeka wa mechi kumi, kwa sababu ndio wenye mamilioni. Kwenye mkeka makato hayo yanazidishwa kwa kila mechi. Zidisheni 0.92 mara kumi na mtabaki na kama 0.43. Yaani katika kila shilingi 100 zilizowekwa kwenye mikeka ya mechi kumi, zinazorudi kwa wachezaji kwa wastani ni 43, na hapo kodi ya ushindi bado haijakatwa.

Au ichukueni kwa upande mwingine. Tuseme kijana ni hodari kweli na anachagua timu ambazo kila moja ina nafasi sita kati ya kumi za kushinda. Nafasi ya zote kumi kushinda siku moja ni kama sita katika elfu moja. Akitandika mkeka mmoja kila Jumamosi, kwa wastani atasubiri zaidi ya miaka mitatu mpaka mmoja utiki.

Hiyo ndiyo hesabu ya mpira. Mchezo wa kindege wa kwenye simu, Aviator, una hesabu yake. Ulitolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe, na waliouunda wanasema wenyewe kwamba unarudisha asilimia 97. Kijana akisikia 97 anaona ni karibu na mia. Lakini mzunguko mmoja mara nyingi unaisha kabla ya dakika kwisha, na pesa ile ile inawekwa tena na tena. Aliyeanza na shilingi 10,000, akawa anaizungusha yote kila mara, baada ya mizunguko 50 kwa wastani imebaki kama 2,200. Mizunguko hiyo 50 inakwisha mapema kuliko mechi moja ya mpira. Na kindege hakina beki wa kushoto wala kocha. Hakuna cha kuchambua hata kidogo. Wakati ligi zimesimama, matangazo yake yanaendelea kusomwa na watu wa michezo, kana kwamba nacho ni mchezo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Zamani mwenye kutaka kubeti alitembea mpaka kwenye ofisi, akapanga foleni, akajaza karatasi. Njiani alikuwa na nafasi ya kukutana na rafiki, au njaa, au akili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka uliofuata, na ni jambo jema lililowasaidia watu wengi, nikiwemo mimi. Lakini leo mfuko wa fedha, duka la kubeti, uwanja wa mpira na kijiwe cha marafiki vyote viko ndani ya kioo kimoja. Malipo yanaingia hapo hapo na dau linatoka hapo hapo, hata saa nane za usiku. Kijana akikaa siku mbili hajabeti, ujumbe unaingia kumwambia amepewa bonasi na asiiache ipotee. Akiishiwa, mikopo ya simu iko kidole kimoja pembeni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na wengi mnakumbuka namna watu walivyokuwa wanadhalilishwa, ndugu na mabosi wao wakitumiwa ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Hatujajiuliza vya kutosha fedha zile walikuwa wanazikopa kwa ajili ya nini.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anaendesha bodaboda ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na baada ya mwaka na miezi kadhaa pikipiki inakuwa yake. Alikuwa amebakiza muda mfupi. Aliponyang'anywa pikipiki alikuja kwangu kuomba nimwombee kwa tajiri, na ili nimwelewe akanifungulia simu anionyeshe miamala yake. Sikuona kiasi chochote kikubwa. Mia tano, elfu moja, mia tano, elfu mbili, mia tano. Zilishuka hivyo kwenye kioo mpaka kidole kikachoka kusogeza. Nyingi zilikuwa za usiku. Katikati, mara moja moja, kulikuwa na fedha iliyorudi: elfu kumi na nane, elfu arobaini. Hizo ndizo alizozikumbuka. Zile za mia tano alikuwa hajui kama zipo nyingi kiasi kile, na tulipozijumlisha pale pale alikaa kimya akiwa ameangalia chini. Hakuwa mvivu, naomba hilo lieleweke. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri.

Hadithi yake ina ndugu wengi. Wako wanafunzi wa vyuo ambao bumu likiingia halimalizi wiki, na wako wauza duka wanaokopa droo ya bosi kwa kuamini watairudisha Jumapili. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Huku mtaani bado tunaita ujinga, na mgonjwa anachekwa.

Najua kinachowapeleka vijana kwenye kubeti. Kijana amemaliza chuo, amezungusha bahasha mpaka viatu vimelika, na kila akifungua simu anawaona wa rika lake kwenye magari na hoteli za ufukweni, wakimwambia maisha ni kutoboa. Hakuna anayemwonyesha njia ya kutoboa kwa miaka kumi ya kazi. Kisha mnamleta hewani fundi rangi kutoka mkoani aliyeshinda mamilioni kwa dau la mia tano, mnamuuliza atafanyia nini fedha zake, naye kwa furaha anasema atamjengea mama nyumba. Ni habari ya kweli na fedha ni za kweli. Ila wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, na nyinyi mnawaambia mamia kwa maelfu ya wasikilizaji waiache milango yao wazi. Wale ambao madau yao ndiyo yaliyokusanyika yakawa zawadi ile hamjawahi kuwapigia simu.

Mtanijibu kwamba mishahara yenu inatoka kwenye fedha za kubeti. Naliheshimu jibu hilo. Redio haiendeshwi kwa salamu, na hata klabu zetu zimebebwa na fedha hizo: mwaka 2017 Simba na Yanga wote wawili walivaa jina la kampuni ya kubeti ya SportPesa kifuani, na Julai mwaka ule Everton wakaja Dar es Salaam na Wayne Rooney akafunga kwenye Uwanja wa Taifa. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini tazameni yaliyowapata jirani zetu. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kubeti, SportPesa ikajitoa kwenye udhamini, na Gor Mahia na AFC Leopards, klabu kubwa kuliko zote nchini mwao, zikaachwa zikihangaikia mishahara ya wachezaji. Fedha ya namna hiyo inaweza kuondoka kwa barua moja. Chombo cha habari kilichoacha kutafuta wadhamini wengine kwa sababu hii inalipa haraka kinajitia kitanzi chenyewe.

Na mpira hautakufa mkikaza msimamo. England, ambayo mechi zake ndizo zinazojaza mikeka mingi ya vijana wetu, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kampuni za kubeti kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26. Tangu Agosti 2019 kampuni za kubeti za Uingereza zenyewe kwa hiari yao hazirushi matangazo ya televisheni mechi inapoonyeshwa mubashara kabla ya saa tatu usiku, kuanzia dakika tano kabla ya filimbi ya kwanza hadi dakika tano baada ya filimbi ya mwisho. Yaani mtoto wa Liverpool anaitazama mechi ile ile anayoitazama mtoto wa Tandika, yeye amekingwa na wetu anasomewa odi. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018. Uganda, hapo jirani, anayeruhusiwa kucheza ni mwenye miaka 25 na kuendelea. Kenya nao, Aprili 2025, walisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti wakapata sheria mpya ya kuidhibiti. Katika nchi zote hizo watu bado wanajaza viwanja.

Wengine mtasema kijana wa miaka 20 ni mtu mzima, aachwe achague. Nakubali achague. Lakini mtu huchagua akiwa amepewa habari zote, na habari hizo mnazo nyinyi. Ni juu yenu kumpa.

Ninachowaomba hakihitaji sheria mpya wala ruhusa ya waziri. Filimbi ikipulizwa, odi zinyamaze mpaka filimbi ya mwisho. Kama lazima tangazo lisomwe, lisomwe na sauti nyingine, wakati wa mapumziko, na lisikike kuwa ni tangazo. Mchambuzi asichukue fedha ya kuuza mikeka, iwe hewani au kwenye makundi ya simu, kama vile mwamuzi asivyoruhusiwa kuvaa jezi. Vipindi vya asubuhi, watoto wanapokuwa kwenye magari ya shule, viachwe bila kubeti kabisa. Na siku mnapomleta mshindi, leteni pia aliyepoteza pikipiki, mpeni dakika zile zile, mumuulize maswali yale yale. Fanyeni ile hesabu ya mechi kumi hewani hata mara moja kwa mwezi. Mnao uwezo wa kuifanya ieleweke kuliko mwalimu yeyote, kwa sababu mnajua kuongea na watu hawa na wao wanawapenda.

Nawasihi hasa nyinyi wenye majina makubwa. Mtangazaji chipukizi aliyeanza kazi juzi hawezi kumwambia mkurugenzi wake kwamba hataki kusoma odi, atafukuzwa. Nyinyi mnaweza. Vituo vinapigania kuwachukua, mikataba yenu inaandikwa kwenye magazeti, na mkiweka sharti moja dogo kwenye mkataba ujao, kwamba sauti yenu haitatumika kuwashawishi watu kubeti, kituo kitalikubali.

Mwaka 2023, usiku ule Yanga waliposhinda bao moja kwa bila pale Algiers na bado wakalikosa Kombe la Shirikisho kwa sheria ya mabao ya ugenini, nililia na watu nisiowajua, wakiwemo vijana, na asubuhi yake vipindi vyenu vilikuwa vizuri kuliko siku zote nilizowahi kuvisikiliza. Mliongea mpira mtupu, kwa uchungu na kwa akili, na simu za wasikilizaji zilikuwa hazikatiki. Kumbe mnaweza, na kumbe tunawasikiliza hata pasipo na odi.

Dabi ya Kariakoo ijayo, Simba na Yanga zikikutana, tutangazieni dakika tisini bila kutaja odi hata moja. Anzeni na hiyo.

Wasalaam,
Msikilizaji wenu, Temeke, Dar es Salaam.